Filta niliyoitoa kwa mkono wangu

Mzee aliingia gereji kwetu Mwanga saa nne asubuhi, mwezi wa kumi, jua la Kigoma likiwa limeshakomaa. Akaegesha gari chini ya mwembe, akashuka taratibu, akatoa daftari la shule mfukoni mwa koti. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Leo sikuja kujaza gesi ya AC. Nimekuja na swali."

Alikuwa mtumishi wa reli kabla ya kustaafu, na wazee wa reli hawaachi kitu bila kukiandika. Ukurasa alionifungulia ulikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula: mwezi, kilomita, kazi iliyofanyika, fedha. Novemba, gesi. Machi, gesi. Julai, gesi. Zote kwangu.

"Petroli najua inakokwenda, injini inaichoma. Hii gesi yako nani anaichoma?"

Hakuna anayeichoma. Hilo nililijua tangu nilipokuwa najifunza kazi Ilala, Dar es Salaam, na ndiyo maana swali lile lilinikaa rohoni. Kompresa inaisukuma gesi ikiwa ya moto hadi kwenye kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, na hapo inapoa na kuwa maji. Inapita kwenye drayeri, kikopo kinachonyonya unyevu, inafika kwenye valvu yenye tundu dogo, inatokea upande wa pili mgandamizo ukiwa umeshuka ghafla, inachemka ndani ya evaporeta huku ikinyonya joto la hewa tunayopuliziwa. Kisha inarudi kwa kompresa. Mipira na sili hupitisha kidogo mno kwa miaka mingi, lakini gari linalotaka gesi kila baada ya miezi minne lina tundu mahali.

Sikuwa nawadanganya watu kwa makusudi. Nilifanya nilivyoona wenzangu wanafanya: gari halipozi, unafunga geji, sindano iko chini, unaongeza mpaka upepo uwe baridi, mteja anaondoka anashukuru. Wateja nao walishazoea kusema "AC imeisha gesi" kama wanavyosema jiko limeisha gesi, na mimi niliwaacha waamini hivyo.

Nilimwomba mzee aniachie gari. Alisita, kwa sababu mama, mkewe, ana pumu, na kila mwezi anampeleka kliniki. Kiangazi chetu ukifungua vioo barabarani unakula vumbi, ukivifunga bila AC unapikwa. Kwa familia ile AC haikuwa starehe. Nikampa ahadi ya wiki moja. Zilikuwa mbili.

Nianze na geji, maana ndiyo iliyonipotosha muda mrefu zaidi. Gari likiwa limezimwa, gesi ya AC iitwayo R134a hukaa kwenye mgandamizo unaofuata joto la siku hiyo. Kwenye nyuzi 25 sindano inasoma karibu psi 80, kwenye nyuzi 30 inakaribia 100. Na maadamu ndani mna gesi iliyo katika hali ya maji, sindano inasimama palepale, iwe imebaki nusu au iwe imejaa. Injini ikiwaka napo, asubuhi ya Juni na mchana wa Septemba hazisomi sawa. Miaka yote ile nilikuwa nakisia. Kipimo cha kweli ni uzito, na umeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. La mzee liliandikwa R134a, gramu 450. Sasa nina mizani ya kidijitali, ya aina ile wanayopimia dagaa dukani. Naweka mtungi juu yake, nafungua, namba ikipungua kwa 450 nafunga. Ukizidisha, mgandamizo unapanda, kompresa inaelemewa, na baridi yenyewe inapungua. Mteja anayekwambia "ongeza kidogo fundi iwe kali" hajui anachoomba, ni kazi yako kumwambia.

Kuna la oili pia. Inazunguka pamoja na gesi, na ndiyo inayolainisha kompresa. Gari dogo hubeba mililita mia moja na kitu tu, na palipo na tundu gesi haitoki peke yake. Kwa hiyo yule niliyemjazia gesi mara tatu bila kumwongezea oili hata tone, nilikuwa naiua kompresa yake huku napokea hela. Nimeona kompresa zilizokufa hivyo: ukimwaga kilichomo kinatoka cheusi kina chembe za chuma zinazometameta kwenye kiganja. Zikishasambaa ndani, kondensa nayo ni ya kutupa, hakuna namna ya kuisafisha ukaiamini.

Tukaanza kutafuta. Vumbi la kwetu tunalilaumu kwa mengi, lakini kwa kazi hii ni shahidi. Panapovuja pana unyevu wa oili, na penye oili vumbi linaganda, linakuwa tope jeusi. Nilipita na tochi kila kiungo, kila oringi, zile pete za mpira za kwenye viungo, pua ya kompresa, uso wa kondensa unaopigwa na mawe ya barabarani. Pakavu kote.

Kijana ninayemfundisha akaja anaburuza mtungi wa oksijeni kutoka kwa jirani yetu mchomeleaji, tuutie kwenye mfumo tuone pa kuvuja. Nilimzuia kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea. Oksijeni ya mgandamizo ikikutana na oili inalipuka, haihitaji kiberiti. Kama na wewe ni fundi na umewahi kufanya hivyo ukasalimika, usirudie, nakusihi. Hewa ya mashine ya kujazia matairi nayo haifai, imebeba maji. Kinachotakiwa ni naitrojeni kavu. Mimi niliazima mtungi kwa fundi wa mafriji, tukajaza hadi psi 150, tukafunga, tukaenda kulala.

Asubuhi sindano ilikuwa imeshuka hadi 120. Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo hatukuwa tumepapaka sabuni: ule mpira mwembamba unaochungulia chini ya gari, unaomwaga maji ya AC. Nililala chali, nikaziba mdomo wake kwa povu. Likavimba taratibu mpaka likawa la ukubwa wa ndimu, likapasuka. Nikapaka tena, likavimba tena. Upepo ulikuwa unatoka ndani, kwenye evaporeta, nyuma ya dashibodi.

Kufungua dashibodi ni kazi ambayo mafundi wengi huku tunaikwepa, na sehemu kubwa ya ule wimbo wa "ongeza gesi tu" inatoka hapo. Unatoa betri na kusubiri kabla hujagusa usukani, kwa sababu ya eabegi, ule mfuko unaofumuka gari likigonga. Unatoa redio, droo, vifuniko vya nguzo, nyaya ambazo kila moja ina klipu yake na kila klipu ya gari lililokaa miaka inataka kukatika. Skurubu nilizipanga kwenye makopo ya maziwa, kila kopo limeandikwa kwa maka zilikotoka. Siku ya pili jioni sanduku la AC likatoka, nikaligawa katikati juu ya meza.

Harufu ilitutangulia. Mzee anaishi Kibirizi, na hewa ya Kibirizi ina dagaa. Evaporeta ilikuwa imevaa blanketi la matope na majani ya mwembe yaliyosagika, zito, lenye maji. Niliubandua uchafu ule kwa vidole ukatoka kipande kizima kama gamba la mti. Chini yake alumini ilikuwa imeota unga mweupe, na kwenye kona ya chini, pale maji yanapotuama, palikuwa na vitundu. Uchafu ule ulikuwa umeishikia evaporeta maji mchana na usiku, miaka, mpaka ikaliwa.

Uchafu huo usingepaswa kufika hapo. Kuna filta nyuma ya droo, kazi yake ni hiyo. Nikachukua tochi nikachungulia nafasi ya filta. Ilikuwa tupu.

Nikakumbuka. Mzee alikuja kwangu mara ya kwanza kabisa, kabla hata hajaanza kuandika safu ya AC, akilalamika upepo umekuwa dhaifu. Nilifungua droo, nikavuta filta iliyoziba, nikamwonyesha. Akauliza nyingine inapatikana wapi. Nikamwambia, "Hapa mjini hakuna, mzee. Achana nayo, bila filta upepo unakuwa mkali zaidi." Nikaitupa kwenye pipa. Upepo kweli ukawa mkali, na mzee akanishukuru.

Nilikaa kwenye benchi muda. Kijana aliniuliza kama naumwa.

Gesi niliyokuwa namjazia mzee ilikuwa inapitia kwenye vitundu nilivyovianzisha mimi. Na haikuishia kwenye mfuko wa mzee. Gesi ya zamani, R12, iliachwa kwa sababu inakula tabaka la ozoni, ndiyo habari ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Hii R134a haili ozoni, lakini inashika joto angani zaidi ya mara elfu moja ya kaboni dioksidi kwa uzito uleule, na mwaka 2016 dunia ilikutana Kigali, majirani zetu hapa tu, ikakubaliana gesi za jamii hiyo zipunguzwe hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa nafungua nati na kuiachia ipige mluzi chini ya mwembe. Siku hizi tumechanga mafundi watatu tukanunua mashine ya kunyonya gesi. Tunapokezana.

Dashibodi ikiwa chini niliona jambo jingine. Pembeni ya evaporeta hukaa hita, rejeta ndogo inayopitisha maji ya moto kutoka kwenye injini. Hita ya mzee ilikuwa kavu. Kwenye injini, hozi mbili zinazoingia ndani zilikuwa zimekatwa na kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa kipande cha bomba. Hiyo haikuwa kazi yangu, lakini nawaelewa waliofanya: hita ilivuja, maji yakalowesha kapeti, fundi akaona Kigoma nani anahitaji joto, akaipita.

Nilimpigia mzee simu kumuuliza. Akakumbuka safari ya Manyovu wakati wa mvua, kule juu mlimani kunakopiga baridi, usiku, kioo cha mbele kimejaa ukungu hawaoni mbele, mama anafuta kwa khanga na yeye anaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, mvua inampiga usoni. Alikuwa hajui kwamba hita ndiyo dawa. Wengi hawajui. Kioo kikijaa ukungu, washa AC na joto kwa pamoja, elekeza upepo kwenye kioo: AC inakausha hewa, hita inapasha kioo, na ukungu unaondoka haraka. Hita ikikatwa, umebaki na nusu ya dawa. Kwa mtu anayepanda Kasulu, Buhigwe au Kibondo usiku wa mvua, barabara ina waendesha baiskeli wenye mikaa na hawana taa. Mimi sitakata hita ya mtu tena kwa hoja kwamba huku ni joto.

Mtu akikuta kapeti limelowa upande wa abiria, asikubali kuambiwa jibu kabla ya kugusa maji yenyewe. Yakiwa meupe, hayana harufu, ni ya AC, ule mpira wa chini umeziba kwa matope na kuuzibua ni kazi ya dakika tano. Yakiwa na rangi, yanateleza vidoleni na yana harufu ya utamu, ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, hita inavuja. Usiyaonje, ni sumu. Hita nyingi ninazoziona zimeoza kwa sababu ya maji ya bomba yaliyojazwa badala ya kulanti, kutu inazijaza mpaka zinaziba. Na ukikuta hita nzima haitoi joto, uliza kama themostati ipo. Tuna mazoea mabaya ya kuitoa gari likichemsha mara moja. Themostati inazuia maji mpaka injini ifike nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini inakimbia ikiwa baridi, inakunywa mafuta zaidi, na kilichochemsha gari bado kipo.

Spea tuliagiza Dar: evaporeta mpya, valvu, drayeri, oringi za kijani zinazokubaliana na R134a, hita, na filta. Zilipandishwa basi, tukazipokea stendi. Kompresa ya mtumba nzuri naweza kuikubali, nikiizungusha kwa mkono na kuona oili yake. Evaporeta ya mtumba siikubali. Siwezi kushusha dashibodi siku mbili kwa ajili ya kitu ambacho sijui kimeliwa kiasi gani. Drayeri haina mjadala, mfumo ukifunguliwa inabadilishwa, kwa sababu inashiba unyevu wa hewa kama chumvi iliyoachwa wazi. Unyevu ukibaki ndani unaganda barafu kwenye lile tundu la valvu, na unapata lile gari linalopoza dakika kumi, linaacha, linaanza tena, na kila fundi anabadilisha kitu chake.

Kabla ya kujaza, unavuta hewa yote itoke kwa pampu ya vakyumu. Hapa nina jambo kwa mafundi wa huku. Nilifundishwa Dar kwamba sindano lazima ifike inchi 29 za zebaki. Kigoma haikufika. Nilibadilisha oili ya pampu, nikabadilisha hozi, karibu ninunue pampu nyingine. Pampu haikuwa na tatizo. Ziwa lenyewe liko mita 773 juu ya usawa wa bahari na mji uko juu zaidi ya hapo, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, na sindano inaishia karibu na 27 hata mfumo ukiwa mtupu kabisa. Wewe angalia kama inatulia. Nusu saa pampu inavuta, kisha unafunga, unasubiri nusu saa nyingine. La mzee halikutikisika. Nikatia oili kwa kipimo, nikajaza gramu 450, kijana akawasha. Ule mpira wa chini ukaanza kudondosha maji safi, tone kwa tone, kwenye mchanga.

Mzee alipokuja kuchukua gari nilimweleza yote, na nikamwonyesha evaporeta ya zamani. Nilimwambia filta niliitoa mimi. Nikamwambia ufundi silipishi, alipie spea tu. Aliishika ile evaporeta, akapitisha kidole kwenye unga mweupe.

"Magari mangapi umeyatoa filta?"

"Sijui, mzee wangu."

"Basi andika."

Akafungua daftari katikati, akachomoa karatasi mbili zilizoshikana ili zisichanike, akanipa pamoja na kalamu yake. Nilikaa pale benchi nikaandika yale niliyoyakumbuka. Yalikuwa kumi na moja.

Nimekuwa nayatafuta tangu hapo. Nikimwona mwenye gari namwomba dakika mbili, nafungua droo, naweka filta. Ni shilingi chache ukilinganisha na dashibodi kushuka. Nawaelekeza waikague kiangazi kinapoanza na kinapoisha, waipige upepo kutoka upande wa nyuma, na wakiirudisha waangalie mshale wa mwelekeo wa upepo. Mojawapo ya magari hayo lilikuwa na feni inayofanya kazi namba nne tu, na mwenyewe alishabadilisha rezista, kile kinachopunguza mwendo wa feni, mara mbili. Rezista ile inapozwa na upepo wa feni hiyohiyo. Kumbe mwenye gari alipata filta akairudisha mwenyewe, ikaziba tena, upepo ukawa mdogo, rezista ikawa inaungua. Tulibadilisha filta na rezista siku moja, na sasa ni miezi minane haijaungua.

La saba nimelipata wiki iliyopita. Ni la mama anayeleta mawese kutoka Simbo. Evaporeta yake ilikuwa chafu lakini haijaliwa. Tuliiosha ikiwa humohumo kwa dawa ya povu, maji yakatoka meusi kama chai ya rangi, halafu yakatakata. Alikaa ndani ya gari vioo vimefungwa, akavuta pumzi, akasema harufu imeondoka.

Manne yamebaki. Moja nasikia liliuzwa Kasulu, jeupe, lina ufa kwenye taa ya nyuma ya kulia.